Elimu ya Mambo ya Kale na Jiwe la Kibla Chetu

 Nimeulizwa mara nyingi na wazee wenzangu ilikuwaje mimi, mwalimu wa madrasa ambaye shule ya serikali niliionja kwa miaka minne tu, nikamruhusu binti wa nyumba yangu kwenda Chuo Kikuu kusomea kuchimba magofu. Wengine huniuliza kwa kutaka kujua, kwani nao wana watoto. Wengine huniuliza kwa kunisuta. Nitawajibu wote hapa, lakini jawabu langu lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yangu mwenyewe, si ya binti.

Binti huyu ni mtoto wa ndugu yangu mdogo, Mungu amrehemu, aliyetutoka mtoto akiwa na miaka sita. Nimemlea pamoja na wanangu, na msahafu alihitimu kwangu kabla hajamaliza darasa la saba. Mwaka 2019, baada ya kidato cha sita, alinijia barazani na karatasi mkononi, akapiga goti. "Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akiolojia." Nikamwuliza ndiyo nini hiyo. Akasema, "Ni elimu ya mambo ya kale. Kuwajua watu wa zamani kwa kuvitazama vitu walivyoviacha ardhini."

Nikanyamaza. Nilikuwa nikitaraji ualimu, au uuguzi. Nikamwambia aende, nitafikiri.

Hoja zangu zilikuwa tatu, nami nilizipanga kama mtu anayepanga kesi. Ya kwanza makaburi. Sisi tumefundishwa katika Hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Basi mtoto niliyemfundisha hayo ataingiaje katika kazi ya kufukua? Ya pili ni habari za Olduvai. Lile fuvu aliloliona Mary Leakey mwaka 1959 tumelisikia tangu utotoni, na kila tulipolisikia tulitia vidole masikioni. Ya tatu, msichana kulala porini wiki nzima na vijana. Kulikuwa na hoja ya nne niliyoificha nyuma ya hizo tatu, nayo ni kwamba sikuona mwenye elimu hiyo atakula nini.

Nilizisema mbele ya mama yangu mzazi, aliyekuwa hai bado, amelala kitandani. Nilidhani amesinzia. Akafumbua macho akasema, "Kwani babu yake alikuwa akifanya kazi gani kule Kisiwani?"

Ni kweli, na mimi nilikuwa nimeisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bwana mmoja Mwingereza, Neville Chittick, alikuwa akichimba Kilwa Kisiwani, na kitabu chake cha kazi ile, juzuu mbili, kilitoka mwaka 1974. Marehemu baba alikuwa miongoni mwa vibarua. Alianza kwa kubeba vikapu vya udongo, baadaye akapewa mwiko. Alikuwa akitusimulia kwamba siku za mwanzo vibarua wote waliamini Mzungu anatafuta dhahabu, na kwamba vigae vile anavyovihesabu na kuviandika ni hila ya kuwapumbaza. Siku moja baba aliokota sarafu ya shaba, nyembamba kama gamba la samaki, akampelekea. Yule bwana hakuuliza ni ya sultani gani. Aliuliza, "Umeitoa wapi?" Baba akasema, "Hapo." "Hapo wapi?" Ikawa mchana kutwa wanapima kwa kamba na kuandika, kwa ajili ya kitu ambacho duka zima lisingekupa hata kiberiti. Baba alikuwa akicheka sana kila alipofika hapo.

Nikamwita binti. Nikampa sharti la sala, na sharti la kunipigia simu kila jioni awapo safarini, na la tatu kwamba anifundishe kila atakachofundishwa. Hilo la tatu nililisema kwa kumtega, nipate kujua mapema wanamtia nini kichwani. Akaenda.

Sasa tazameni mambo ya Mungu. Machi 2020 vyuo vyote vikafungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, akarudi nyumbani hata mwezi wa sita. Nami madrasa yangu nimeifunga. Tukawa barazani kila baada ya Alasiri, mwalimu hana wanafunzi na mwanafunzi hana mwalimu, na lile sharti langu likanifunga mimi.

Nilimwanza na Olduvai, maana ndiyo iliyokuwa ikinikereketa. Akanijibu kwa adabu, "Baba Mkubwa, mtihani hauniulizi naamini nini. Unaniuliza ushahidi ni upi na umepatikanaje." Kisha akanikumbusha aya ya 20 ya Sura ya Al-Ankabut, inayotuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Mimi ndiye niliyemfundisha aya hiyo. Sikusema kwamba nimekinai, na mpaka leo lipo ninalobaki nalo moyoni katika jambo hili. Lakini kidole nilikitoa sikioni.

Kilichonishangaza ni kingine. Alianza kunieleza namna wanavyochimba. Hawachimbi kama mtu anayechimba choo. Wanapiga vijiti vinne, wanafunga uzi, wanapata mraba. Ndani ya mraba wanashuka kwa mwiko na brashi, kidogo kidogo, na kila udongo unapobadilika rangi au ugumu wanasimama, wanaandika, wanapiga picha. Udongo wote unapita katika chekeche. Kila kigae kinaandikwa kimetoka mraba gani, tabaka gani, siku gani, na kwa mkono wa nani. Nikamwuliza, "Na kigae kizuri kikipatikana juu ya ardhi tu, au mtu akikileta amekiokota?" Akasema, "Hicho hakina nguvu. Twaweza kukitazama, lakini hatuwezi kujengea hoja juu yake."

Nduguzanguni, nilisimama wima. Hii ni isnadi! Miaka arubaini nimesomesha kwamba Hadithi haitazamwi uzuri wa maneno yake tu. Huulizwa kwanza nani amepokea kutoka kwa nani, na kama walikutana. Maneno yanaweza kuwa matamu, nayo yakawa dhaifu kwa kuwa mnyororo wake umekatika. Na hawa vijana wa Mlimani wanakiuliza kigae swali lile lile. Hata neno wanalotumia ni letu. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 wa Hijria, aliita kitabu chake Tabaqat, kwa kuwa amewapanga masahaba na waliowafuata tabaka baada ya tabaka. Wao wanaupanga udongo. Wa chini ametangulia, wa juu amefuata, na aliyechanganya matabaka ameharibu ushahidi.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi kweli.

Akanieleza habari ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikochimba tangu mwaka 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hata wakafika penye matundu tu ya nguzo za miti. Mti wenyewe umeoza zamani. Kilichobaki ni duara la udongo mweusi ndani ya udongo mwekundu. Msikiti mdogo mno, wa karne ya 8 ya Miladi, yaani karne ya pili ya Hijria. Wasomaji, mimi nilikuwa nikisomesha kwamba Uislamu umeingia pwani hii zamani sana, na nikiulizwa zamani gani nasema "zamani". Na kumbe jawabu lilikuwa ardhini, watu wachache waliosali ndani ya kibanda cha miti, hawana sultani wala minara.

Akanieleza pia kwamba udongo na kitabu ni mashahidi wawili, nao husikilizwa wote. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sultani kwa ukarimu wake, akaandika kwamba majumba ya mji ni ya miti. Na Msikiti Mkuu wa mawe, ule wa Kisiwani, sehemu yake ya kaskazini ilikwisha kuwapo zamani kabla hajafika! Basi ndiyo kusema shahidi mwadilifu naye huona alichokiona, akaacha asichokitazama. Na kwa upande mwingine, historia za Kilwa zilizoandikwa zinamtaja Sultani Ali bin al-Hasan kuwa wa mwanzo, na Chittick alipochimba akamweka yapata mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na ndani yake zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za Mafatimi zenye tarehe za karne ya 11. Zililala pamoja, zikatoleana ushahidi. Mzee wetu Ali bin al-Hasan akarudishiwa zaidi ya miaka mia ya umri wake. Sarafu za masultani hao, aliniambia, upande mmoja zina maneno ya kumtegemea Mungu na upande wa pili jina la sultani, na pande mbili hizo zina vina kama shairi. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Watu wetu hata pesa walikuwa wakiitungia vina.

Kuhusu kaboni sikufahamu haraka. Alinichorea mchangani mara tatu. Kila kilichokuwa hai, mti au mnyama, kina ndani yake kaboni ya namna ya pekee ambayo baada ya kufa hupungua kwa mwendo usiobadilika, nusu yake huisha kwa miaka 5,730. Wakipima iliyobaki katika kipande cha mkaa wa jikoni hujua yapata lini kuni ile ilikatwa. Nikamwambia ni kama mshumaa wa kupimia saa. Akasema ni hivyo hivyo, ila mshumaa wenyewe hauzimiki kwa upepo.

Na makaburi? Hapa sitawadanganya. Wao hufukua, pale wanapopata ruhusa, na mimi moyo wangu haujatulia. Mwaka 2023, akiwa amekwisha maliza masomo, alinisomea habari ya uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Nature. Walipima chembe za urithi katika mifupa ya watu 80 wa zamani, karibu wote wa miji ya pwani. Walikuta kwamba kwa upande wa akina mama asili yao ni Afrika kwa sehemu kubwa, na kwa upande wa akina baba wengi wana asili ya Asia, khasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Wazee waliosema sisi tuna Ushirazi walichekwa, na waliosema sisi ni Waafrika wa hapa hapa nao walitukanwa, na kumbe kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Elimu hiyo nimeipokea. Lakini nilimwambia binti, "Ukisimama juu ya kaburi, toa salamu kwanza, na uliza kama hapana njia nyingine." Akasema wenyewe huulizana hivyo pia, na kwamba hapati usingizi mzuri anapofikiri habari hiyo. Nikaona ni bora asiyepata usingizi.

Kulala porini kulikuwa si porini. Mwaka wa pili walipokwenda uwandani walilala katika madarasa ya shule, wasichana chumba chao na mwalimu wa kike pamoja nao. Alivaa kofia ya ukili juu ya mtandio, akasali kando ya shimo. Simu ilikuja kila jioni, isipokuwa siku mbili ambazo mtandao haukupatikana, nami siku hizo mbili nilizeeka.

Sasa nifike pale ninapopakimbia.

Kijiji chetu kilikuwa na msikiti wa zamani sana, hapana mzee aliyejua umejengwa lini. Mwaka 1991 akatokea mfadhili wa kutujengea mpya. Hatukuwa na kinyongo, ukuta ulikuwa umeinama, popo wamejaa juu, na mvua ikinyesha tulisali ndani ya maji. Kibla kilikuwa cha tumbawe lililochongwa, na juu ya tao lake kulikuwa na jiwe moja refu, kadiri ya mkono wa mtu mzima kutoka begani hata vidoleni, limejaa alama. Siku ya kubomoa, fundi akasita akaniita. Mimi wakati huo nina miaka 31, nimetoka kusoma kwa masheikh wakubwa, watu wananinyooshea kidole cha sifa. Nikalitazama lile jiwe. Herufi, kama ni herufi, zimeshikana kama mizizi ya mkoko, hazina nukta hata moja. Sikuweza kusoma neno. Watu wamenizunguka, wanangoja mwanachuoni aseme. Nikasema, "Si maandishi haya. Ni nakshi tu."

Fundi akainua nyundo. Vipande vikaingia katika msingi wa birika jipya la kutawadhia, na zege likamwagwa juu yake.

Nilijua. Si kwamba nilijua limeandikwa nini, ila nilijua kwamba nakshi haina sababu ya kwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Kusema "sijui" kulinishinda, na hali nusu ya somo ninalowapa watoto ni kwamba mwanachuoni akiulizwa asichokijua aseme sijui.

Mwaka wa tatu binti alitakiwa kuandika utafiti wake wa mwisho, akachagua misikiti ya zamani ya upande wetu. Akazunguka kwa wazee na daftari. Usiku mmoja baada ya Isha akaja akaketi chini karibu na kiti changu, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Baba Mkubwa, nimeambiwa juu ya kibla cha zamani palikuwa na jiwe lenye nakshi. Hiyo nakshi ilikuwaje?"

Alisema nakshi. Wazee walikwisha kumwambia yote, nilikuja kuhakikisha baadaye. Alijua nani alisema nakshi, na kwa nini. Lakini alinifungulia mlango nipite na heshima yangu, kama ningetaka. Ningeweza kumwambia ilikuwa maua maua, akaandika hivyo, na ingekuwa ndiyo riwaya iliyopokewa kwangu mimi niliyekuwapo. Nikaona mkono wake umeshika kalamu. Nikamwambia kweli yote.

Hakunilaumu. Alinionyesha katika daftari lake michoro ya khati ya Kikufi, akanieleza kibla cha Kizimkazi Dimbani, Unguja, chenye maandishi ya khati hiyo na mwaka wa 500 wa Hijria, yaani 1107. Nikazitazama zile herufi. Zilikuwa mizizi ile ile ya mkoko.

Asubuhi yake tukazunguka birika, hapana kitu ila zege. Alipokuwa akirudi akasimama kwenye bomba la nje, penye kipande cha tumbawe tunachosugulia miguu kabla ya kuingia. Akauliza kimetoka wapi. Hapana aliyekumbuka. Akakigeuza. Upande wa chini, uliokuwa umelala mchangani miaka thelathini na zaidi, ulikuwa na alama. Nilitaka kuleta brashi ya chuma nikisugue. Akanishika mkono, mara ya kwanza maishani mwake kunishika mkono bila ya kuniamkia. "Usiguse, Baba Mkubwa. Tusubiri giza."

Usiku akaleta tochi, hakuimulika kwa mbele. Aliilaza ubavuni mwa jiwe, mwanga ukapita kwa upande kama jua la magharibi juu ya mchanga. Herufi zikainuka. Tulikaa pale na lile daftari mpaka karibu na saa sita, mimi nikizijua lugha na yeye akizijua sura za herufi. Meno manne yamefuatana, kisha kitanzi. Sin, nun, na ta ya kufungia. "Sanat," nikasema. Mwaka. Baada ya neno hilo kuna mguu wa herufi moja, kisha jiwe limevunjika.

Akapima, akachora, akapiga picha. Penye "mahali" akaandika kwamba jiwe halimo mahali pake. Penye "msimulizi" akaandika jina langu, na mbele yake neno moja: alikuwapo.

Alipata shahada yake mwaka 2022. Kazi yake ni ya vipindi, miezi mitatu hapa, minne kule, kukagua ardhi kabla barabara na mabomba hayajapita, na baina ya kipindi na kipindi humsaidia mama yake dukani. Hoja yangu ya nne haikuwa ya upuuzi. Jiwe tumeliweka ndani, na Idara ya Mambo ya Kale wamearifiwa. Katika kamati wapo wanaosema birika livunjwe, na wapo wanaosema watu watatawadhia wapi. Mimi nimeomba udhuru nisipige kura. Mwaka huu limeanza kuvuja upande wa kibla, na fundi anasema halitapita kiangazi kijacho bila kujengwa upya. Nimemwarifu binti aweke wiki mbili, na aje na mwiko wake.